Mkate wa Msamaha

Paukwa! Pakawa!

Kaeni vizuri, wajukuu zangu. Mwenye kashata amalize kutafuna, mwenye simu aizime. Leo nina hadithi mbili. Ya kwanza ni ya kweli, nayo ilitokea papa hapa kisiwani Mombasa, mwendo mfupi kutoka Ndia Kuu. Ya pili ilitungwa na Mwitaliano, na huko kwao watoto wanaisoma shuleni hadi leo. Zote mbili zauliza swali moja: mtu akikukosea kosa kubwa, kosa lisiloweza kurudishwa nyuma, utamfanya nini?

Mtaniuliza, Mombasa na Italia wapi na wapi? Nendeni mkaitazame Fort Jesus. Walioijenga ni Wareno, kuanzia mwaka 1593, lakini aliyeichora ramani yake hakuwa Mreno. Alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, aliyekuwa akiwachorea Wareno ngome zao huku kwenye Bahari ya Hindi. Na aliyetunga hadithi yangu ya pili naye alizaliwa Milan. Basi tuanze na yaliyotokea ndani ya kuta zile, kisha tuvuke bahari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1600 Mombasa ilikuwa na mfalme Mwislamu, Hasan bin Ahmad, wa ukoo wa wafalme wa Malindi. Ukoo huo ulikuwa rafiki wa Wareno tangu alipofika Vasco da Gama mwaka 1498, na Wareno walipoiteka Mombasa wakaupa ukoo huo kisiwa ukitawale. Lakini urafiki wa mwenye mizinga na asiye na mizinga una mwisho. Hasan alikosana na mkuu wa ngome, akavuka maji akakimbilia bara, upande wa Rabai. Huko Wareno wakatoa hongo, akauawa. Hayo yalitokea mwaka 1614. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Goa kule India, makao makuu ya Wareno.

Hasan aliacha mtoto wa kiume, Yusuf, mwenye umri wa miaka kama saba. Mtoto naye akapakiwa chomboni akapelekwa Goa ile ile. Akalelewa na watawa wa Kiagustino, akabatizwa, akapewa jina jipya: Dom Jerónimo Chingulia. Akafundishwa vita vya baharini, akaoa, akapewa nishani. Alipokuwa kijana wakamvika taji wakamrudisha Mombasa aketi katika kiti cha babake. Walimpa jina, dini, cheo na taji. Kitu kimoja tu hakimo katika orodha ya zawadi zao: neno la kukiri kwamba walimuulia baba, na kwamba walikosa.

Alipofika kwao, Yusuf akawa anakwenda kwa siri kwenye kaburi la babake, akiomba dua kwa namna ya Kiislamu. Mji wetu, mwaujua, hauna siri. Habari zikamfikia mkuu wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, naye akataka kumshtaki Goa. Yusuf hakungoja. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama mtu aliyekwenda kutembelea wenyeji wake, akamchoma mkuu yule kisu, akaiteka ngome.

Wengine wangekomea hapo, wakasema mwana amelipa damu ya baba, hadithi imekwisha. Haikwisha. Siku zilizofuata, Wareno waliokuwa wakikaa mjini walikamatwa, wanaume kwa wanawake na watoto, pamoja na Waafrika waliokuwa wamebatizwa. Wakaambiwa waache dini yao. Waliokataa wakauawa, wengine wakapelekwa utumwani. Mambo haya yanajulikana kwa undani kwa sababu mashahidi waliapishwa huko Goa wakasimulia waliyoyaona.

Sasa nijibuni. Mtoto aliyezaliwa Mombasa mwaka 1625 alikuwa na mkono gani katika mauaji ya mwaka 1614? Hakuwa amezaliwa. Lakini yeye ndiye aliyelipishwa.

Mwaka uliofuata Wareno walileta merikebu za vita kutoka Goa, wakaizingira ngome, wakashindwa. Yusuf alijua watarudi. Akaibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapanda chombo, akaingia baharini. Aliyekuwa mfalme akawa haramia, akizunguka bandari kwa bandari, mpaka akafia pande za Bahari ya Sham mnamo 1638. Hakurudi tena kwenye lile kaburi alilolipigania.

Na Wareno je, walisema basi, yameisha? Mkienda Fort Jesus, litafuteni jiwe la maandishi lililo langoni, la mwaka 1635. Mkuu mpya, Francisco de Seixas de Cabreira, alichonga humo sifa zake mwenyewe: jinsi alivyoitiisha pwani, alivyoiadhibu Pate na Siyu hadi kuta za miji zikabomolewa, na jinsi alivyowaua viongozi wa Pemba. Nawauliza tena: watu wa Siyu na Pemba walikuwa wapi siku Yusuf alipomchoma mkuu kisu? Walikuwa kwao Siyu na kwao Pemba.

Hapo ndipo ninapotaka mtie akilini. Kisasi hakijui mlango wa aliyekosa. Hutoka nyumbani kikiwa na jina moja mkononi, kikabisha kila nyumba njiani. Damu ya Hasan mmoja ilizunguka kutoka Rabai hadi Goa, ikarudi Mombasa, ikaenda Pate, ikaenda Pemba, na kila ilipofika ilimkuta mtu asiyehusika.

Nyinyi mliosoma chuoni mnajua kwamba kuna Yusuf mwingine, aliyetangulia kwa karne nyingi. Nabii Yusuf alitupwa kisimani na nduguze wa baba mmoja, akauzwa utumwani, akafungwa gerezani bila kosa. Alipokuwa mtu mkubwa Misri, njaa ikawaleta nduguze mbele yake wakiomba chakula, wala hawakumtambua. Angeweza kuwanyonga. Akawasamehe. Lakini soma sura yake kwa makini uone kilichotangulia: nduguze walikiri kwamba walikuwa wakosaji. Yusuf wa Mombasa alibeba jina lile lile, akalelewa na watu wanaohubiri msamaha kila Jumapili, na hakuna aliyemfungulia mlango wa kusamehe kwa kumwambia ukweli.

Haya, tuvuke bahari.

Milan ni mji wa kaskazini mwa Italia. Mwaka 1785 alizaliwa huko mwandishi Alessandro Manzoni. Riwaya yake kubwa, I promessi sposi, maana yake wachumba, ilitoka kwanza mwaka 1827, naye akaiandika upya kwa miaka mingi hadi ikawa kitabu kinachosomwa na Waitaliano wote. Visa vyake vinatokea kati ya mwaka 1628 na 1630, yaani siku zile zile ambapo Yusuf wetu alikuwa amebeba uchungu wake. Ndani ya kitabu hicho kuna kisa cha kijana aitwaye Lodovico.

Lodovico alikuwa mwana wa tajiri wa biashara, kijana mwenye moto. Siku moja anatembea barabarani, bega lake likisugua ukuta. Mbele yake anakuja bwana mmoja wa ukoo mkubwa, naye anatembea ukutani. Nani ampishe mwenziwe? Desturi ya huko ilimpa haki mmoja, kiburi cha ukoo kikampa haki mwingine, na kila mmoja akadai ni yeye.

Msicheke. Mmeona wenyewe pale Kibokoni, mkokoteni umetoka huku na tuktuk imetoka kule, ndia ni nyembamba, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Maneno huanza, wapita njia wakasimama, na mtu akishatazamwa huona haya kushindwa.

Basi kwa Lodovico maneno yalitoa panga. Katika fujo ile mtumishi wake mwaminifu, Cristoforo, alijitia kati kumkinga bwana wake, akauawa. Lodovico kuona hivyo akamchoma upanga yule bwana mkubwa, naye akafa. Watu wawili wamekufa kwa sababu ya kupishana barabarani. Lodovico, damu ikimtoka, akakimbizwa ndani ya nyumba ya watawa wa Kikapuchini.

Tazameni sasa anachofanya, hatua kwa hatua. Kwanza, hakusema "yeye ndiye aliyeanza", ingawa angeweza. Alilikubali tendo lake kwa ukubwa wake. Pili, mali yake yote akampa mjane wa Cristoforo na watoto wake, kwa kuwa mtumishi yule aliwaachia njaa. Tatu, akaingia utawa, akaacha jina lake, akajiita Cristoforo, ili kila atakapoitwa akumbuke nani alikufa kwa ajili yake. Na nne, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa kaka wa yule aliyemuua, ajitupe miguuni pake.

Kaka mtu akakubali, lakini kwa hesabu zake. Alikusanya ndugu na jamaa wote, ukumbi ukajaa watu wenye nguo za fahari, ili wote waone adui akidhalilika. Lodovico akaingia na kanzu ya kitawa, akapiga magoti, akasema alilokuwa nalo. Hakujitetea. Na wale waliokuja kutazama aibu wakajikuta wanatazama kitu kingine. Kaka mtu, aliyekuwa amejipanga kwa hasira, alimwinua kutoka chini, akamsamehe, akamwalika ale na ule ukoo.

Lodovico hakutaka karamu. Aliomba mkate tu, uwe alama kwamba amesamehewa na ameonja ukarimu wao. Akaletewa mkate juu ya sinia ya fedha. Akala kipande, kilichobaki akakitia mkobani. Kipande hicho alikiweka maisha yake yote, kikakauka kama jiwe, na alipokuwa mzee akakitoa kama urithi kwa wachumba wa riwaya ile, Renzo na Lucia, katikati ya tauni ya mwaka 1630. Akawaagiza wawaonyeshe watoto watakaowazaa, na wawafundishe kusamehe daima.

Mkate ule Waitaliano huuita mkate wa msamaha. Mwandishi angeweza kumpa mtawa yule pete au cheti chenye muhuri. Akachagua kitu kinachopatikana katika kila nyumba, iwe ya tajiri au ya maskini, kama vile sisi tunavyokuwa na boflo. Kula chakula cha mtu uliyemkosea ni jambo zito, na sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Mtu aliyekukasirikia akija kwako akakataa hata maji, unajua bado hajasamehe. Akipokea kikombe cha kahawa, pumzi inashuka.

Waitaliano wana maneno ya kila kipimo cha kosa, nayo watoto wa Malindi na Watamu, waliozoea majirani kutoka Italia, wanayajua. Ukimgonga mtu kiwiko unasema scusa. Ukitaka kupita penye watu unasema permesso. Kwa kosa linalovunja moyo hutafutwa neno zito, perdono. Nasi hivyo hivyo: samahani yatosha ukimkanyaga mtu ndani ya matatu, lakini aliyemwibia mwenziwe akamtupia samahani huku anatembea, huyo ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Najua kuna mwenye swali kooni. Ukisamehe, je, mwizi aachiliwe? Sikilizeni jambo lililotokea Roma. Tarehe 13 Mei 1981 mtu kutoka Uturuki, Mehmet Ali Ağca, alimpiga risasi Papa Yohane Paulo wa Pili mbele ya umati, Papa akanusurika kufa. Siku chache baadaye, akiwa bado hospitalini, alitangaza kwamba amemsamehe. Desemba 1983 akaenda mwenyewe gerezani, akaketi na yule mtu uso kwa uso, wakazungumza. Lakini Ağca hakutoka naye siku ile. Alibaki katika magereza ya Italia hadi mwaka 2000, ndipo rais wa nchi hiyo alipompa msamaha wa kisheria, akarudishwa Uturuki, ambako alikuwa na kesi nyingine. Msamaha wa moyo hutolewa na aliyeumizwa. Msamaha wa gereza hutolewa na dola. Hata Kenya, katiba ya mwaka 2010 imempa rais mamlaka ya kuwahurumia wafungwa, lakini haikumpa uwezo wa kuusemea moyo wa mama aliyefiwa.

Sasa rudini nyumbani mtazame mila zetu, maana watu wa Mji wa Kale wameweka nyakati maalumu za kazi hii, wakijua kwamba mtu akiachiwa atangoja mpaka kesho isiyofika. Ramadhani ikikaribia, watu hutakana radhi ili mfungo usianze na kinyongo. Siku ya Idd watoto huzunguka nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idd, na wakubwa nao huzunguka, wakisema nisamehe nilipokukosea, kwa nilijualo na nisilolijua. Anayekwenda Hija hawezi kufunga mizigo tu akaondoka. Huwapitia majirani, wateja na mahasimu, akiwaaga na kuomba radhi. Na mtu akifa, kabla hajazikwa, husimama jamaa yake mbele ya watu akasema: anayemdai marehemu aje kwetu tutamlipa, na aliyekosewa naye twamwomba amsamehe.

Mmelisikia hilo la mwisho vizuri? Deni linatajwa kwanza, msamaha unafuata. Jamaa hasemi "msameheni na madeni yake yafe naye". Anasema mje mlipwe. Ni mpango ule ule wa Lodovico, aliyewapa mali watoto wa Cristoforo kabla hajapiga magoti popote. Mwitaliano na mtu wa Mombasa hawakukaa baraza moja kushauriana, lakini wote wamejua kwamba aliyeiba baiskeli hawezi kuomba msamaha akiwa ameipanda.

Kwa hiyo, mkiniuliza msamaha ni nini, nitawaambia una mambo matatu. La kwanza ni ukweli: kosa litajwe kwa jina lake na aliyelifanya. La pili ni malipo: kinachorudishika kirudishwe, na kisichorudishika, kama uhai, kiheshimiwe kwa namna mtu atakavyoishi baadaye. La tatu ni jibu, nalo ni mali ya aliyeumizwa peke yake. Anaweza kusamehe leo. Anaweza kuomba muda. Aliyekosa hana haki ya kumharakisha.

Hapa nina maneno ya faragha nanyi. Watu wazima hupenda kuwashika watoto wawili waliogombana wakawaambia, "Haya, peaneni mikono, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hiyo ni nzuri, nami naitumia. Lakini kidonda kisichooshwa hakigangiki. Kama mtu mkubwa amekuumiza, amekupiga kikatili, amekushika usipotaka kushikwa, kisha watu wakakuambia unyamaze kwa sababu ni jamaa na ni wajibu kusamehe, hao hawakufundishi msamaha. Wanakufundisha kuficha. Mwambie mtu mwingine unayemwamini, na mwingine tena, hadi apatikane atakayekusikiliza. Kusamehe, kama utataka, kutakuja kwa wakati wake ukiwa salama.

Na kusamehe si kusahau. Lodovico aliubeba mkate wake miaka yote ili asisahau. Tofauti ni kwamba alikumbuka ili ajirekebishe, wakati Yusuf alikumbuka ili aumize. Kumbukumbu ni ile ile moja. Kazi unayoipa ndiyo inayobadilika.

Fort Jesus yenyewe imebadilishiwa kazi. Baada ya Wareno walikaa humo Waomani, na tangu mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya gereza. Kisha ikakarabatiwa ikawa makumbusho, yakafunguliwa mwaka 1960, na fedha za ukarabati zilitoka kwa wakfu wa Gulbenkian, wenye makao yake Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Pesa hazikuwa ombi la msamaha, wala hakuna aliyesema hivyo. Lakini leo mtoto wa Mombasa na mgeni kutoka Ureno wanaweza kusimama mbele ya jiwe lile la mwaka 1635 wakasoma habari ya mambo yaliyotendwa, bila mmoja kumwogopa mwenziwe. Huo ni ukweli, jambo la kwanza kati ya yale matatu, nalo ndilo Yusuf alilonyimwa.

Basi, wajukuu zangu, aliyekosa kati yenu asingoje Idd. Aende kwa mwenziwe leo, alitaje kosa lake lote bila kuongeza "lakini na wewe", arudishe alichochukua, kisha anyamaze asikilize. Na aliyekosewa asimpelekee mtu mwingine hasira isiyo yake, wala mdogo wake, wala jirani, wala kabila la aliyemkosea. Mwenye kosa ana jina moja. Mtafuteni huyo, mwambieni ukweli, na jibu mtakalompa liwe lenu wenyewe.